Pensheni ya Bibi na Dola za Kaskazini: Sera za Ruzuku na Uhamiaji Zinavyokutana Ndani ya Kaya ya Meksiko

Mjadala kuhusu uchumi wa kaya za Meksiko kwa kawaida huendeshwa kana kwamba ni mijadala miwili. Wapo wanaozungumzia ruzuku za serikali, yaani pensheni ya wazee, posho za wanafunzi na malipo ya wakulima. Na wapo wanaozungumzia uhamiaji, yaani mpaka wa Marekani, vibali vya kazi, watu kurudishwa kwao kwa nguvu, na fedha ambazo wahamiaji huzituma nyumbani. Mgawanyo huo unazifaa wizara na watunga sheria, lakini haulingani na maisha ya kaya zenyewe. Katika kijiji cha jimbo la Zacatecas au Michoacán, pensheni ambayo bibi hulipwa kila baada ya miezi miwili, dola anazotuma mwanawe aliyeko Chicago na kipato cha mkaza mwana anayeuza chakula kando ya barabara huingia katika mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unaonunua mahindi, unaomlipa daktari na unaoamua nani aendelee na shule na nani aondoke.

Kwa sababu hiyo naona kwamba njia bora ya kuzisoma sera hizi ni kuuliza swali moja kwa kila mojawapo: baada ya sera kuanza kutumika, hatari za maisha zimebaki mabegani mwa nani? Ukame, ugonjwa, kupoteza kazi na uzee vipo kwa kila mtu. Serikali inaweza kubeba sehemu ya mzigo huo, inaweza kuurudisha kwa kaya, na inaweza pia, bila kukusudia, kuufanya uwe mzito zaidi. Mtu akilishika swali hilo, matokeo mengi ya utafiti yanayoonekana kupingana huanza kueleweka.

Mambo mengi yalianzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali ya Carlos Salinas de Gortari iliirekebisha Ibara ya 27 ya Katiba, iliyokuwa ikilinda ardhi za ejido, yaani ardhi za pamoja ambazo wakulima waligawiwa baada ya Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910. Tarehe 1 Januari 1994 mkataba wa biashara huria kati ya Meksiko, Marekani na Kanada ulianza kutumika, na mahindi ya Marekani, yaliyolimwa katika mashamba makubwa na kwa ruzuku nono, yakaingia kwa wingi. Wakulima wa Meksiko walipewa Procampo, malipo ya fedha taslimu kwa kila hekta, ili wapate nafuu katika kipindi cha mpito. Lakini malipo yanayopimwa kwa hekta humfaa zaidi mwenye hekta nyingi, na aliyekuwa na kipande kidogo cha mlimani alipata kidogo. Kisha, mwezi Desemba 1994, thamani ya peso iliporomoka, na mwaka 1995 Pato la Taifa likapungua kwa takriban asilimia 6. Kaya za vijijini zikajikuta zinakabili bei ya chini ya mazao, ukosefu wa mikopo na mishahara iliyoliwa na mfumuko wa bei, vyote kwa wakati mmoja, huku ruzuku kubwa ya chakula iliyokuwapo, ile ya tortilla, yaani chapati za mahindi, ikiwanufaisha zaidi watu wa mijini.

Katika mazingira hayo ulizaliwa mpango ambao baadaye ulijulikana duniani kote. Mwezi Agosti 1997, chini ya Rais Ernesto Zedillo, serikali ilianzisha Progresa, na mmoja wa wabunifu wake wakuu alikuwa Santiago Levy, mwanauchumi aliyekuwa naibu waziri wa fedha. Badala ya kushusha bei ya chakula kwa kila mtu, Progresa ililipa fedha taslimu moja kwa moja kwa kaya maskini, tena mkononi mwa mama, kwa masharti kwamba watoto wahudhurie shule angalau asilimia 85 ya siku za masomo na familia ihudhurie kliniki. Posho iliongezeka kadiri mtoto alivyopanda darasa, na katika sekondari wasichana walilipwa zaidi kuliko wavulana, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiacha shule mapema. Wasomaji wa Tanzania wataitambua sura hii: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF una masharti yanayofanana na hayo, na wazo lenyewe lilisambaa duniani kutoka Amerika ya Kilatini.

Progresa ilikuwa na jambo jingine lisilo la kawaida. Wabunifu wake walijua kwamba katika siasa za Meksiko kila rais mpya huvunja alichojenga mtangulizi wake, wakataka ushahidi usioweza kupuuzwa. Vijiji 506 viliingizwa katika majaribio: 320 vilianza kulipwa mapema na 186 vikasubiri, na mgawanyo huo ulifanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba mpango ulidumu zaidi ya miaka ishirini chini ya marais wa vyama tofauti. Mwaka 2002 uliitwa Oportunidades na kupelekwa mijini, mwaka 2014 ukaitwa Prospera, na katika kilele chake uliwafikia zaidi ya kaya milioni 6. Watoto walibaki shuleni, hasa wasichana wa sekondari. Afya ya watoto wadogo iliimarika. Na jambo ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba kaya hazikula fedha yote: watafiti walikadiria kuwa katika kila peso moja, takriban senti 74 zilikwenda kwenye matumizi na zilizobaki zikawekezwa, kwa kununua mifugo, kuboresha shamba au kuanzisha biashara ndogo. Mtu maskini anayejua kwamba malipo ya miezi miwili ijayo yatakuja anaweza kuthubutu kununua mbuzi, kwa sababu serikali imembebea sehemu ya hatari ya kukosa chakula.

Hapo ndipo suala la uhamiaji linapoingia, nalo lina ugumu wake. Je, ruzuku kama hiyo humfanya mtu abaki kijijini au humpa uwezo wa kuondoka? Watafiti waliotumia majaribio yaleyale ya Progresa hawakukubaliana. Guy Stecklov na wenzake waliona kwamba mpango ulipunguza safari za kwenda Marekani. Manuela Angelucci alionyesha kwamba kwa baadhi ya kaya uliziongeza. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine, kwa maana ruzuku hii ilikuwa na nguvu mbili ndani yake. Sharti la shule liliwafunga nyumbani vijana wenye umri wa kusoma, kwa kuwa kijana akiondoka posho yake ilikatika. Wakati huohuo, fedha yenyewe, na uhakika kwamba itaendelea kuja, ilikuwa dhamana kwa mkopeshaji: kaya ambayo jana haikuwa na uwezo wa kulipa gharama ya safari ya baba, leo inaweza kukopa. Umaskini mkubwa haumsukumi mtu kuhama kama wengi wanavyodhani. Mara nyingi humzuia, kwa sababu safari ina gharama.

Ardhi ilitoa fundisho lilelile kwa njia nyingine. Baada ya marekebisho ya Ibara ya 27, serikali iliendesha kati ya 1993 na 2006 mpango mkubwa wa kuwapa wanachama wa ejido hati za vipande vyao. Hapo awali, mtu aliyeacha shamba bila kulilima alikuwa katika hatari ya kunyang'anywa, na kwa hiyo lazima abaki mtu wa kulilinda. Hati ilipotolewa, hatari hiyo iliondoka. Utafiti wa Alain de Janvry na wenzake ulikuta kwamba kaya zilizopata hati ziliongeza kwa asilimia 28 uwezekano wa kuwa na mtu aliyehama. Sera ya ardhi, ambayo hakuna aliyeitungia madhumuni ya uhamiaji, ikawa sera ya uhamiaji.

Sasa tuvuke mpaka. Kwa miaka mingi uhamiaji wa Wameksiko ulikuwa wa kwenda na kurudi. Mpango wa Bracero, ulioanza mwaka 1942 na kufungwa mwaka 1964, ulitoa mikataba ya kazi takriban milioni 4.6, hasa mashambani, na hata baada ya kufungwa wanaume waliendelea kwenda kuvuna na kurudi nyumbani msimu ukiisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 iliwapa hadhi ya kisheria watu karibu milioni 2.7, wengi wao Wameksiko. Kisha mwelekeo ukabadilika. Mwaka 1993 doria ilikazwa katika mji wa mpakani wa El Paso, mwaka 1994 ikakazwa San Diego, na mwaka 1996 Bunge la Marekani likapitisha sheria mbili zinazogusa moja kwa moja hesabu za kaya: moja iliweka adhabu ya kuzuiwa kurudi kwa miaka 3 au 10 kwa aliyekaa bila kibali, na nyingine iliwanyima wahamiaji wengi, hata wale wenye vibali, misaada mingi ya serikali kuu kwa miaka 5 ya mwanzo.

Douglas Massey na Jorge Durand, ambao wamefuatilia maelfu ya kaya za Meksiko kwa miongo kadhaa, wameeleza vizuri kilichofuata. Njia za mjini zilipofungwa, watu walipitia jangwani, na wavushaji, wanaojulikana kule kama coyote, wakapandisha bei kutoka mamia ya dola hadi maelfu. Mtu aliyelipa fedha hizo na kunusurika jangwani hakuwa tayari kurudi nyumbani msimu ukiisha ili alipe tena. Alibaki. Na kwa kuwa alibaki, aliwaita mke na watoto. Ulinzi uliokusudiwa kuwazuia watu kuingia uliwazuia kutoka, na idadi ya Wameksiko wasio na hati za kuishi Marekani ikaongezeka hadi kufikia takriban milioni 6.9 mwaka 2007.

Kwa kaya iliyobaki Meksiko, mabadiliko haya yalikuwa na gharama ambazo takwimu za mpakani hazizionyeshi. Safari ikawa uwekezaji mkubwa unaofanywa kwa deni, wenye riba, na mara nyingine kwa kuweka rehani shamba au nyumba. Miezi ya mwanzo ya kazi huko kaskazini inakwenda kulipa deni hilo, na familia haipati kitu. Mhamiaji akikamatwa na kurudishwa kabla ya kulimaliza, deni linabaki pale pale ilhali mapato yamekatika. Huo ni mteremko mkali kuliko umaskini aliouanza nao. Sera ya mpaka, kwa maneno mengine, iliongeza hatari ya safari na kumwachia mzigo wake mama anayelea watoto Guanajuato, ambaye hajawahi kuuona mpaka wenyewe.

Hata hivyo watu wameendelea kwenda, kwa kuwa malipo ya kufanikiwa ni makubwa. Fedha zilizotumwa Meksiko kutoka nje, karibu zote kutoka Marekani, zilifika takriban dola bilioni 26 mwaka 2007, zikashuka hadi takriban bilioni 21 mwaka 2009 wakati sekta ya ujenzi ya Marekani ilipoanguka, kisha zikapanda hadi bilioni 40.6 mwaka 2020, katikati ya janga la korona, na kufikia karibu bilioni 64.7 mwaka 2024. Kaya zinazozipokea huzitumia kwanza kwa chakula, matibabu, nguo na nyumba. Wapo wanaolaumu matumizi hayo kwa kusema hayazalishi, lakini lawama hiyo siikubali. Christopher Woodruff na Rene Zenteno walikadiria kwamba takriban sehemu moja ya tano ya mtaji wa biashara ndogo za mijini Meksiko ilihusiana na uhamiaji. Utafiti mwingine ulikuta watoto wachanga katika kaya zenye wahamiaji wakizaliwa na uzito mkubwa zaidi na kufa kwa uchache zaidi. Chakula na dawa ni uwekezaji, hasa pale ambapo hospitali haina dawa.

Upande wa elimu habari si njema vivyo hivyo. David McKenzie na Hillel Rapoport walikuta kwamba vijana wanaokulia katika kaya zenye wahamiaji huacha shule mapema zaidi, wavulana kwa sababu wanajiandaa kwenda kaskazini, ambako cheti cha sekondari cha Meksiko hakiongezi mshahara, na wasichana wakubwa kwa sababu kazi za nyumbani huwaangukia. Katika kaya moja, basi, ruzuku ya serikali inaweza kuwa inamvuta kijana shuleni huku mfano wa kaka yake ukimvuta kwenda Texas.

Kuna pia hatari ya thamani ya fedha, ambayo huzungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa na thamani ya zaidi kidogo ya peso 20; katikati ya mwaka 2023 ilikuwa takriban 17. Aliyetumiwa dola 400 alipokea karibu peso 8,000 mara ya kwanza na 6,800 mara ya pili, katika kipindi kilekile ambacho mfumuko wa bei ulikuwa umefikia asilimia 8.7. Kwa serikali, peso imara ilikuwa habari ya kujivunia. Kwa kaya inayoishi kwa dola za mwana, ilikuwa punguzo la mshahara lisilotangazwa.

Serikali zilijaribu pia kuiunganisha moja kwa moja mifuko miwili, wa serikali na wa wahamiaji. Mpango wa Tres por Uno, uliokulia Zacatecas na kuwa wa kitaifa mwaka 2002, uliongezea kila dola iliyochangwa na klabu za wahamiaji dola tatu: moja ya serikali kuu, moja ya jimbo na moja ya manispaa. Barabara, visima na madarasa yalijengwa. Lakini fedha zilifuata mahali ambapo wahamiaji walikuwa wamejipanga, na vijiji maskini kabisa vya kusini, visivyo na klabu Los Angeles, vilikosa. Mpango huo haukupewa fedha tena katika bajeti ya mwaka 2020.

Kufutwa kwake kulikuwa sehemu ya mageuzi makubwa zaidi. Rais Andrés Manuel López Obrador alipoingia madarakani Desemba 2018, aliifuta Prospera pamoja na masharti yake na kuweka mahali pake haki zisizo na masharti. Kubwa kuliko zote ni pensheni ya wazee, inayolipwa kwa kila raia mwenye umri wa miaka 65 au zaidi, awe tajiri au maskini: mwaka 2019 ilikuwa peso 2,550 kila baada ya miezi miwili, mwaka 2024 ikafika 6,000. Vijana waliokosa kazi walilipwa posho ya mafunzo kazini, na wakulima wenye hekta mbili na nusu walilipwa peso 5,000 kwa mwezi kupanda miti chini ya mpango wa Sembrando Vida, ambao serikali iliutangaza waziwazi kuwa njia ya kuwafanya watu wasihame, na hata kuupeleka El Salvador na Honduras. Sambamba na hayo, kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kutoka peso 88.36 kwa siku mwaka 2018 hadi 248.93 mwaka 2024.

Takwimu rasmi zinasema kwamba umaskini ulishuka kutoka asilimia 41.9 ya wananchi mwaka 2018 hadi asilimia 29.6 mwaka 2024, yaani watu milioni 13.4 walitoka katika umaskini. Hayo ni mafanikio makubwa, na sina haja ya kuyapunguza. Ila inafaa kuangalia yalitoka wapi na yaliacha nini. Mishahara ilifanya kazi kubwa, na mshahara humfikia aliye na ajira. Ruzuku za wote ziliwafikia wazee wengi ambao hapo awali hawakuwa na chochote. Lakini kwa kuwa Prospera iliyowalenga maskini wenye watoto wadogo ilikuwa imefutwa, uchambuzi wa takwimu za mapato na matumizi ya kaya za mwaka 2020 ulionyesha kwamba sehemu iliyofika kwa kaya za chini kabisa ilikuwa imepungua. Kaya yenye bibi ilipata. Kaya ya mama kijana mwenye watoto wachanga ilipoteza.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa katika afya. Seguro Popular, bima iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa watu wasio na ajira rasmi, ilifutwa mwaka 2020, na taasisi iliyoirithi ikavunjwa miaka mitatu baadaye. Watu wasio na huduma ya afya waliongezeka kutoka asilimia 16.2 mwaka 2018 hadi 39.1 mwaka 2022, na mwaka 2024 walikuwa bado asilimia 34.2. Levy, yule mbunifu wa Progresa, alikuwa ameikosoa bima hiyo kwa hoja nzito: kwamba kumtoza mfanyakazi rasmi kwa ajili ya hifadhi ya jamii huku asiye rasmi akipewa bure ni kuilipa nchi ibaki katika sekta isiyo rasmi, ambamo zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Meksiko wamo. Lakini kuiondoa bima kabla mbadala wake haujasimama hakukuirasimisha ajira ya mtu yeyote. Kulirudisha hatari ya ugonjwa kwa kaya, na kaya ikampigia simu mtu aliyeko kaskazini. Mtu anayesifu ongezeko la fedha zinazotoka Marekani akumbuke kwamba sehemu yake ni bili za hospitali.

Mwaka 2025 njia hiyo nayo ilianza kubana. Ukamataji wa wahamiaji ndani ya Marekani uliongezeka, fedha zilizotumwa zikashuka ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ikaweka kodi ya asilimia 1, kuanzia Januari 2026, kwa anayetuma kwa fedha taslimu. Wabunge walianza na pendekezo la asilimia 5, kwa hiyo kilichopita ni kidogo. Lakini anayetuma kwa taslimu mara nyingi ni yule asiye na akaunti ya benki, na asiye na akaunti mara nyingi ni asiye na hati.

Wanaorudishwa sasa si vijana pekee. Wengi wamefanya kazi Marekani kwa miongo, wakikatwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi, na asiye na hati hawezi kuidai. Hata mwenye hati anaweza kukwama: Marekani inataka miaka 10 ya michango, na Meksiko ina kiwango chake kinachohesabiwa kwa wiki, kwa hiyo aliyefanya kazi miaka 8 huku na miaka 8 kule anaweza kukosa pensheni ya kazi pande zote mbili. Mwaka 2004 serikali hizo mbili zilitia saini makubaliano ya kuijumlisha michango ya namna hiyo. Hayajaanza kutumika hadi leo. Mwanaume anayerudi Michoacán akiwa na miaka 58 atasubiri miaka saba ndipo aanze kulipwa pensheni ya wazee, ambayo mwaka 2025 ilikuwa peso 6,200 kwa miezi miwili, na katika miaka hiyo saba atakula katika mfuko uleule ambao hapo awali yeye ndiye aliyekuwa akiujaza.